Windows 10 imeachwa: kompyuta ipi ihamie Windows 11, ipi ibaki

Tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kutoa bure masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku ile na haitazimika, ndiyo maana ni rahisi kulipuuza jambo hili. Kilichobadilika hakionekani kwa macho: tundu jipya la usalama likigunduliwa leo, kwako halizibwi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili ya watu duniani kote, kiraka chake, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi, na wengi walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Safari hii kiraka chenyewe hakiji.

Kabla ya kuuliza kompyuta ina umri gani, uliza inafanya kazi gani. Ya steshenari ndiyo iliyo hatarini kuliko zote, kwa sababu inapokea fleshi za watu kuanzia asubuhi, inafungua barua pepe za wateja, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo mwenye duka anayoitumia kuingia benki. Ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, yenye majina ya wakulima, kilo zao na akaunti zao za benki inafuata. Lakini ya mwalimu anayetungia mitihani, isiyounganishwa intaneti wala kuchomekwa fleshi za watu wengine, inaweza kubaki na mfumo wake wa zamani hadi ife, na hakuna haja ya kuitupia pesa.

Jambo la pili ni kuhakikisha tatizo ni mfumo kweli. Watu wengi wanataka Windows mpya kwa sababu kompyuta ni nzito. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame safu ya diski (Disk) kwenye dirisha litakalofunguka. Ikikaa kwenye asilimia 100 dakika kadhaa baada ya kuwasha, mwenye kosa mara nyingi ni diski ya kuzunguka (HDD), na Windows 11 itaizidishia mzigo. SSD, yaani diski isiyozunguka, ya GB 240 au 256 pamoja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kufikisha GB 8 huibadilisha kompyuta kuliko mfumo wowote mpya. Ukienda kununua RAM nenda na ile ya zamani mkononi, kwani RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Na kama tovuti zote zinakuonya kuwa si salama huku saa ikirudi nyuma miaka kila ukiwasha, hapo kilichokwisha ni betri ya saa, CR2032 ya volti 3, ile bapa kama sarafu. Tarehe ikiwa si sahihi, vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa. Badilisha betri, weka tarehe, endelea na kazi. Huku pwani, Mikindani au Kilwa Masoko, hewa ya chumvi nayo hushika miguu ya RAM. Kompyuta inayogoma kuwaka mara nyingine hupona kwa kuchomoa RAM, kusugua miguu yake taratibu kwa ufutio na kuirudisha.

Ukishajiridhisha hapo, njoo kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, maana ndiyo inayoamua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa prosesa. Kwa Intel Core, soma namba inayofuata kistari: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa prosesa chache sana za nyuma yake. Kwa AMD Ryzen, kwa kawaida ni mfululizo wa 2000 kwenda juu. Kwa hiyo Dell OptiPlex 7010 ya zamani (ya mwaka 2012) na HP EliteBook 840 G3, mashine za mtumba zinazojulikana sana, hazimo. Unaponunua usiamini jina la modeli peke yake: zipo 840 G5 zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Mwambie muuzaji aiwashe, usome namba mwenyewe.

Prosesa ikifaulu, andika tpm.msc kwa njia ile ile, uone kama TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ipo na toleo ni 2.0. Ukiambiwa haipo, usikate tamaa haraka. Kwenye mashine za kizazi cha 8 na kuendelea mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta iliyo nje ya Windows, kwa jina la PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. BIOS hufunguliwa wakati wa kuwasha, kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP na F1 kwenye ThinkPad. Kabla ya kugusa chochote humo, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha mafaili. Kama imefungwa, isimamishe kwanza na uandike ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Asiyefanya hivyo anaweza kuwasha kompyuta na kudaiwa ufunguo asioujua, na bila huo mafaili yamekwenda. Msinfo32 ikionyesha BIOS Mode ni Legacy, yaani mtindo wa zamani wa kuwasha, mpangilio wa diski utahitaji kugeuzwa kwa zana ya Windows iitwayo mbr2gpt. Hiyo mwachie fundi, tena baada ya kuhifadhi nakala.

Mafundi wengine watakuambia Windows 11 inaingia hata kwenye kizazi cha 4 kwa kuruka ukaguzi. Ni kweli kwamba kwa nyingi inaingia. Ila Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo sababu nzima ya kuhama. Kwa kompyuta inayoshika pesa za watu hatushauri. Windows ya kuchakachua ni mbaya zaidi: programu za kuiamsha mara nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza, na hapo umeshamfungulia mwizi mlango. Kama Windows 10 yako ni halali, kuhamia 11 ni bure.

Mashine isiyofaulu ina njia mbili za heshima. Microsoft inatoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa kompyuta za watu binafsi, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni. Lazima uwe na toleo la 22H2. Andika winver uone. Taasisi hulipa dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka. Kwa ofisi yenye mashine kumi za kizazi cha 4, pesa hiyo ni bora iende kwenye mashine nyingine.

Njia ya pili ni Linux Mint, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows, inayotosheka na RAM ya GB 4. Iweke kwenye fleshi ya GB 8, washa kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo, na ujaribu printa, sauti na intaneti bila kufuta kitu. LibreOffice iliyomo hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa majedwali yenye mapambo mengi huweza kuvurugika. Steshenari inayotengeneza kadi kwa Photoshop au Publisher isijisumbue, kwani programu hizo hazimo humo.

Kwa wanaohamia Windows 11, wakati ni muhimu kuliko wanavyodhani. Ofisi za ushirika zisiguse kompyuta wakati wa minada ya korosho, inayoanza kwa kawaida Oktoba. Februari hadi Aprili kuna nafasi. Uliza mapema kama programu ya hesabu inafanya kazi kwenye Windows 11 na kama printa ina draiva (programu ya kuiendesha) ya biti 64, maana Windows 11 haina toleo la biti 32. Nakili mafaili kwenye diski ya nje, kisha yafungue kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa si ya kutegemea. Andaa bando lisilopungua GB 10. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, na laptopu iwe imejaa chaji na bado kwenye umeme, kwani umeme ukikatika katikati Windows inaweza kugoma kuwaka.

Ukimaliza, fanya kazi zote za wiki ndani ya siku kumi za mwanzo: chapa risiti, skani, ingia benki, funga hesabu. Ndani ya siku hizo Windows 10 inaweza kurudishwa kutoka kwenye mipangilio. Zikipita, faili za kurudia hufutwa. Na mashine ya zamani ukiiuza, toa diski ubaki nayo.