Bidhaa zikiadimika, nani hasa anapata faida?

Sukari ilipoadimika Tanzania mwanzoni mwa 2024 na kilo kuvuka shilingi 4,000 sehemu nyingi, vijiweni ilisemwa kwamba wenye viwanda wanaogelea kwenye pesa. Haikuwa hivyo. Mvua za El Niño zilijaza maji mashambani, matrekta hayakuweza kuingia, utamu wa miwa ukapungua, na usagaji ukasimama. Bei iwe nzuri vipi, kama huna mzigo haikuingizii kitu. Aliyevuna ni yule aliyekuwa na magunia ghalani tangu mapema, na huyo huwezi kununua hisa zake popote. Tena serikali ilitangaza bei elekezi Januari hiyohiyo, yaani kikomo cha bei ya kuuzia.

Dhana nyingine ni kwamba rafu zikiwa tupu, basi uzalishaji umeshuka. Mwaka 2021 Wamarekani walilalamikia uhaba wa karibu kila kitu, na huo ndio mwaka ambao bandari ya Los Angeles ilivunja rekodi yake: ilihudumia sawa na kontena milioni 10.7 za futi 20. Mzigo ulikuwepo, tena mwingi kuliko wakati wowote. Watu waliojifungia ndani kwa sababu ya korona waliacha kwenda mahotelini, wakaagiza samani na runinga, hadi foleni ya meli baharini ikazidi 100. Ile meli ya Ever Given iliyoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita mwezi Machi ilibebeshwa lawama nyingi kuliko stahili yake.

Sasa twende kwenye dhana inayowaumiza wawekezaji zaidi: kwamba uhaba ni neema kwa muuza duka. Duka likiagiza 100 likapewa 60, safari ijayo litaagiza 150. Maduka yote yakifanya hivyo, kiwanda kinaona wateja ambao hawapo. Kisha meli zinafika zote kwa mkupuo.

Target, mnyororo mkubwa wa maduka Marekani, ulilipia hilo. Ripoti yake ya Mei 2022 ilionyesha mauzo yamekua kwa asilimia 4 tu, huku thamani ya mali iliyo ghalani ikiwa juu kwa asilimia 43 kuliko mwaka mmoja nyuma. Runinga na viti vya bustanini vilijaa wakati wateja wamerudi kununua masanduku ya safari. Faida ilishuka kwa zaidi ya nusu, na hisa zikaporomoka kwa takriban robo kwa siku moja. Mshindani wake Walmart alikuwa ameonja machungu ya aina hiyohiyo siku moja kabla.

"Basi ninunue hisa za wenye meli." Hapo kuna ukweli, ila nusu. Nauli ya kontena la futi 40 ilivuka dola 10,000 mwaka 2021, na Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark, ikapata faida ya takriban dola bilioni 29 mwaka 2022. Mwaka uliofuata ikabaki na kama bilioni 4. Halafu Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, nyingi zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, nauli zikapanda tena. Februari 2024 hisa za Maersk zikaanguka kwa zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja, mgogoro ukiwa bado umepamba moto! Kampuni ilikuwa imeonya kuwa meli mpya zinazoingia sokoni ni nyingi mno, nazo zilikuwa zimeagizwa kwa fedha za miaka ile ya neema.

Kwa mwenye hisa za kampuni ya bidhaa, iwe Dar es Salaam au Nairobi, mimi ningefungua ripoti ya mwaka kabla ya kusikiliza habari za bandarini. Tafuta thamani ya bidhaa zilizo ghalani, uilinganishe na ya mwaka jana, kisha utazame mauzo yamekua kwa kiasi gani. Ghala likikua haraka kuliko mauzo, uliza ni bidhaa gani hizo, na je, mwakani bado zitapata wa kuzinunua bila punguzo la bei.