Shule rafiki ya ng'ambo si tiketi ya ndege

Wazazi wanaofika ofisini kwetu hapa Moshi kuulizia "ile shule ya Ujerumani" huja na swali moja: mwanangu anaondoka lini? Haondoki. Urafiki wa shule na shule si ufadhili wa masomo, wala si mfadhili wa kutujengea vyoo. Tumelisema kwenye kila kikao cha wazazi.

Mji wetu una udugu na Tübingen tangu 2014, hivyo shule kupata wenzake huko si jambo geni. Kinachofanyika ni kazi. Katika shule moja ya kata niliketi nyuma ya darasa la kidato cha pili: wa hapa wamewahoji bibi zao bei ya kahawa ya kihambani, yaani ya shamba la nyumbani, wenzao wameleta bei ya pakiti dukani. Wakabishana nusu saa nzima, kwa Kiingereza cha kuungaunga, nani anakula ile tofauti. Stadi tunazozitafuta ndizo hizo.

Mara ya kwanza kukutana mtandaoni, wanafunzi hao hawakuonana kabisa. Wa kwetu waliandika "saa 4" wakimaanisha asubuhi. Wajerumani wakawasha kompyuta saa kumi jioni. Tena kule husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba: kipindi chao cha baridi tunawatangulia saa mbili, cha joto saa moja.

Sasa utaratibu wa kuomba urafiki huo, maana malalamiko mengi yanaanzia hapa. Mkuu wa shule apeleke wazo kwenye bodi, muhtasari wa kikao usainiwe, ndipo barua iende kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia Afisa Elimu Sekondari. Barua isiyo na muhtasari inarudi ilikotoka. Ujumbe wa WhatsApp si barua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, kwa hiyo kabla ya kutuma picha au majina, mzazi au mlezi aridhie kwa maandishi; fomu moja kwa kila mtoto, si karatasi moja kuzungushwa darasa zima. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na mwalimu asitegemee nia njema kuwa kinga.

Ikitokea safari kweli, pasipoti ni Uhamiaji, shilingi 150,000, pamoja na cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi. Viza ni ya ubalozi, msituulize sisi. Na anayewachangisha "hela ya nafasi", tuleteeni jina lake kabla hamjalipa, si baada.