Nyumba ndogo ya mheshimiwa na kitabu cha safari za gari

Uchaguzi ukikaribia, picha za mgombea akiwa na mwanamke asiye mkewe huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na jamaa zangu hunirudia na swali lilelile: wewe mkaguzi wa hesabu, unaonaje, mtu wa namna hii apewe kura? Wengine wanatarajia niwe mkali, maana kazi yangu ni kutafuta makosa ya watu. Wengine wanatarajia nijibu kama wanavyojibu wanaume wengi wa rika langu, kwamba ya chumbani yaishie chumbani, sisi tunataka maji na barabara.

Jibu langu huwaudhi wote. Kwenye ukaguzi tuna kitu kinaitwa kiashiria cha hatari, na tuna kitu kinaitwa hoja. Mhasibu ambaye hajachukua likizo miaka mitatu ni kiashiria. Si kosa kutokwenda likizo, pengine hana pa kwenda, lakini mkaguzi anayejua kazi yake ataomba mafaili ya mhasibu huyo kabla ya mengine. Hoja ni kile unachokikuta humo ndani: hati ya malipo isiyo na viambatisho, tarehe, kiasi, saini. Hoja ndiyo unayomwandikia afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, aijibu. Kiashiria humwandikii mtu, ila ukikipuuza umefanya kazi nusu.

Uzinzi wa kiongozi, kwangu, ni kiashiria.

Sisemi hivyo kwa hisia tu. Mwaka 2015 wadukuzi waliiba na kumwaga hadharani orodha ya wateja wa Ashley Madison, tovuti iliyokuwa ikiwatafutia watu waliooa na kuolewa wapenzi wa pembeni. Watafiti watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, Griffin, Kruger na Maturana, wakaichukua orodha hiyo wakailinganisha na kumbukumbu za nidhamu za polisi wa Chicago, za washauri wa fedha, za washtakiwa wa kesi za ulaghai kwenye masoko ya mitaji, na za wakuu wa makampuni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la kisayansi la PNAS, yanaonyesha kwamba waliowahi kupatikana na makosa kazini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwamo kwenye orodha hiyo kuliko wenzao wasio na doa. Wanasiasa hawakuwemo kwenye utafiti. Hata hivyo, anayedai kwamba ndoa ya mtu na kazi yake ni vyumba viwili visivyo na mlango kati yake, inabidi aanze kwa kujibu takwimu hizo.

Lakini zisome vizuri. Hazisemi kwamba kila mwenye mchepuko ni mwizi. Zinasema pa kuchungulia.

Ninapokaa na vijana wanaoanza kazi hii, mfano ninaopenda kuwapa ni wa Mark Sanford, aliyekuwa gavana wa South Carolina huko Marekani. Juni 2009 gavana alipotea kwa siku kadhaa. Simu hapokei, naibu wake hajui alipo, hakuna aliyekabidhiwa ofisi. Wasaidizi wake wakawaambia waandishi kwamba bosi amekwenda kutembea milimani, kwenye njia ya Appalachian. Gina Smith, mwandishi wa gazeti la The State, hakuridhika. Akaenda kumsubiri uwanja wa ndege wa Atlanta, na gavana akatokea hapo akitoka Buenos Aires. Siku hiyohiyo aliita waandishi akakiri, machozi yakimlengalenga, kwamba ana mpenzi Argentina.

Nchi nzima ikashika habari ya mpenzi. Mimi ningeanza na zile siku ambazo jimbo halikuwa na mtu wa kutoa amri. Kungetokea kimbunga, na pwani ile inavijua vimbunga, nani angewaita askari wa akiba? Hilo tayari ni hoja, na lingekuwa hoja hata kama gavana angekuwa amejificha kwenye mfungo wa sala.

Kisha waandishi wa Associated Press, na baada yao Tume ya Maadili ya jimbo, wakafungua mafaili ya safari. Yakatoka mashtaka 37. Kumi na nane ni ya tiketi za ndege za daraja la juu wakati kanuni za jimbo zilitaka nauli ya chini kabisa. Tisa ni ya kutumia ndege za serikali kwa mambo yasiyo ya serikali, ikiwamo safari iliyohusishwa na kunyoa nywele Myrtle Beach. Kumi ni ya fedha za kampeni alizojirudishia mwenyewe. Na huyu ndiye gavana ambaye mwaka 2004 alibeba watoto wawili wa nguruwe mpaka mlangoni mwa ukumbi wa bunge la jimbo, kuwasuta wabunge kwa matumizi ya anasa. Alikubali kulipa faini ya dola 74,000. Kabla ya hapo alikuwa ameshaahidi kurudisha gharama za kipande cha Argentina katika safari ya kibiashara ya mwaka 2008, kipande ambacho alikitumia pia kumwona mwanamke yule.

Angalia jinsi mambo yalivyokwenda. Mwanamke wa Buenos Aires alikuwa sababu ya kufungua kabati, na vilivyokutwa ndani ya kabati vingi havimhusu kabisa. Kama watu wangesema "hayo ni ya nyumbani kwake, tumwache", zile tiketi zingekuwa bado zimelala kwenye masanduku ya stoo.

Ukitaka kuona kazi hiyohiyo ikifanywa kinyumenyume, mchukue Kenneth Starr, mwanasheria wa uchunguzi maalumu huko Marekani. Aliteuliwa mwaka 1994 kuchunguza mambo ya Rais Bill Clinton, uchunguzi ambao chimbuko lake lilikuwa biashara ya ardhi huko Arkansas, ile ya Whitewater. Alianza na fedha, akaishia kitandani. Ripoti aliyoipeleka bungeni Septemba 1998 ilijaa maelezo ambayo mtu mzima hawezi kuyasoma mbele ya wakwe zake. Ndani yake yalikuwemo mambo mazito: Monica Lewinsky, msichana wa miaka 22 aliyekuja Ikulu kujifunza kazi, uhusiano na bosi wa mabosi wote, kuhamishiwa Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi, na rais aliyedanganya akiwa amekula kiapo. Uhamisho, cheo, kiapo, hizo ni hoja kamili. Zikazama kwenye habari za gauni la msichana yule na doa lake. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakakiongezea chama cha Clinton viti vitano bungeni, na Februari 1999 Baraza la Seneti likamwachia.

Bunge lililokuwa linamshtaki lilimtafuta spika msafi. Spika Newt Gingrich alikuwa anaondoka, naye baadaye, mwaka 2007, alikiri kwamba wakati ule alikuwa na mpenzi nje ya ndoa. Bob Livingston aliyetakiwa kumrithi akajitoa baada ya michepuko yake kutajwa. Wakamchagua Dennis Hastert, mwalimu wa zamani, mume asiye na kashfa. Mwaka 2016 Hastert alihukumiwa miezi 15 jela. Alikuwa akichota fedha benki kwa mafungu yasiyofika dola 10,000 ili benki isitoe taarifa, na fedha hizo zilikuwa za kumnyamazisha mtu ambaye yeye Hastert alimdhulumu kingono enzi akiwa kocha wa mieleka shuleni. Kwa hiyo ndoa tulivu nayo si hati safi.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya tunayaendesha kwa namna ya ajabu kidogo. Tarehe 3 Machi 2009 waandishi wa Kenya waliitwa Ikulu ya Nairobi, wakadhani pengine kuna mabadiliko ya baraza la mawaziri. Rais Mwai Kibaki, mama Lucy akiwa pembeni, akawatangazia kwamba ana mke mmoja tu. Gumzo likawa hilo. Miezi miwili kabla, serikali yake ilikuwa imetangaza njaa kuwa janga la kitaifa, na kashfa ya mahindi na ya mafuta ya kampuni ya Triton zilikuwa mezani zikisubiri majibu. Nikikumbuka mkutano ule, kinachonisumbua si idadi ya wake. Ni kwamba hakuna aliyeuliza swali la mahindi likatikisa nchi kwa kiasi hicho.

Sheria zetu nazo zina matundu, na hapa ndipo mpiga kura wa Tanzania angepaswa kukaza macho. Kiongozi wa umma anatakiwa kila mwaka, kabla ya Desemba kwisha, kuwasilisha tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili. Sheria ya mwaka 1995 inataka ataje mali zake, za mwenzi wake, na za watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Nyumba ndogo haina mstari kwenye fomu hiyo. Kiwanja kikiandikwa kwa jina la hawara, fomu inabaki imejazwa vizuri kabisa. Mtoto wa nje anapaswa kuwemo, ila mtu anayemficha mtoto kwa mkewe hatamtaja kwa Kamishna wa Maadili.

Kinachosaidia ni makaratasi ya kawaida. Chukua kitabu cha safari za gari la ofisi. Kina safu ya tarehe, ya anakotoka na anakokwenda, ya kilomita za kuanzia na za kumalizia, ya mafuta, ya madhumuni, na saini ya aliyebebwa. Dereva hadanganyi kwenye kilomita, kwa sababu zisipooana na mafuta atakatwa yeye. Kwa hiyo uongo huhamia kwenye safu ya madhumuni. Ukiona "kazi maalumu" Ijumaa jioni, mji uleule, kila baada ya wiki mbili, na masurufu ya safari, fedha anazopewa mtu kabla ya kuondoka, yaliyorejeshwa kwa stakabadhi za nyumba ya wageni zenye mwandiko mmoja, huhitaji kujua anaitwa nani anayeishi huko. Unaandika kilomita, lita na posho.

Na yapo mahusiano ambayo si ya kuitwa mchepuko hata kidogo. Mheshimiwa anayemwambia binti kwamba ajira au uhamisho utapita chumbani, huyo yuko kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hiyo ni rushwa ya ngono, na mahali pake ni TAKUKURU. Inaniudhi kuona habari kama hiyo ikisimuliwa kama umbea wa mapenzi, binti akitukanwa, bosi akisifiwa ujogoo. Mgombea mwanamke, kwa upande wake, husutwa hata pasipo na kosa: ataulizwa jukwaani ameolewa na nani, na kama hajaolewa, kwa nini.

Najua kuna msomaji atakayenitajia Wafaransa, kwamba wenzetu wamestaarabika, hawajali. Rais wao wa zamani, François Mitterrand, alikuwa na familia ya pili, na binti yake Mazarine alizaliwa mwaka 1974. Taifa zima liliziona picha zake mwaka 1994 kwenye Paris Match. Sawa, mapenzi ni yake. Lakini familia hiyo iliishi kwenye nyumba ya serikali, quai Branly, Paris, ikilindwa na walinzi wa serikali, na kati ya 1983 na 1986 kitengo cha Ikulu kilichoundwa kupambana na ugaidi kilisikiliza simu za watu kinyume cha sheria, akiwamo mwandishi Jean-Edern Hallier, aliyekuwa akitishia kuitoboa siri ya binti yule. Mahakama ya Paris iliwatia hatiani wahusika mwaka 2005, rais akiwa ameshafariki.

Mitterrand alichaguliwa tena mwaka 1988 kwa asilimia 54 ya kura, faili lake likiwa limefungwa. Sanford alirudi bungeni Mei 2013 kwa asilimia 54 vilevile, mashtaka yote 37 yakiwa yameshasomwa na kila mwenye gazeti. Mimi nisingempa Sanford kura yangu, kwa sababu ya zile tiketi. Ila waliompa walijua wanachokitia saini, na Wafaransa wa 1988 hawakupewa nafasi hiyo.