Je, wajua kwa nini mwalimu wa wasioona hufungwa kitambaa machoni?

Mtu mzima, macho yake mazima kabisa, amefungwa kitambaa cheusi usoni. Mkononi ana fimbo nyeupe, na anatafuta mlango wa darasa alilotoka muda si mrefu. Huyu ni mwalimu aliye mafunzoni, na anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani anaonjeshwa dhiki ya kutoona ili apate huruma. Sivyo. Huruma ndiyo kitu ambacho mkufunzi mzuri hujitahidi kukitoa kichwani mwake.

Zoezi hili lina uhusiano na vita. Katika miaka ya 1940, askari wa Marekani waliopofuka vitani walipelekwa hospitali ya jeshi ya Valley Forge, na huko Richard Hoover akabuni namna ya kutembea kwa fimbo ndefu: inapepewa kulia na kushoto, ncha ikigusa ardhi mahali ambapo hatua inayofuata itatua. Mwaka 1960 Boston College ikaanzisha mafunzo ya ngazi ya chuo kikuu kwa watakaofundisha mwendo huo, na kufungwa macho kukawa sehemu ya masomo. Sababu yake ni rahisi. Jicho huingilia kazi. Mwalimu anayeona ngazi kwa mbali hupiga kelele "angalia ngazi!" kabla fimbo haijafika, na mwanafunzi hajifunzi kuiamini fimbo yake. Mwalimu aliyeshuka ngazi zile zile akiwa gizani anajua kwamba fimbo inatosha, hivyo hunyamaza.

Hata hivyo kitambaa kina hatari yake. Mwaka 2015 mtafiti Arielle Silverman, ambaye mwenyewe haoni, na wenzake walionyesha kwamba watu walioigiza upofu kwa muda mfupi tu waliwaona wasioona kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi na kujitegemea, kuliko walivyodhani wale ambao hawakuigiza. Inaeleweka. Dakika za mwanzo gizani humfundisha mtu hofu peke yake. Ujuzi huja baadaye, akishazoea kuongozwa na mwangwi wa sauti na ncha ya fimbo. Semina ya asubuhi moja yenye vitambaa na vicheko, kwa maoni yangu, ni bora isifanyike.

Kazi ngumu zaidi iko mezani. Maandishi ya nukta nundu, ambayo asiyeona huyasoma kwa kidole, hutumia kijumba chenye nafasi sita za nukta, tatu kushoto na tatu kulia, na kwa mkono huandikwa kwa sleti na stailasi, yaani kibao chenye vijumba na kalamu fupi ya kutobolea. Nukta hutobolewa kwa nyuma ya karatasi, ndiyo maana mwandishi huanza kulia kwenda kushoto na kugeuza kila herufi. Mwanagenzi akikumbuka kuanzia kulia lakini akasahau kugeuza nukta ndani ya kijumba, h inakuwa j, e inakuwa i, r inakuwa w, na i inakuwa e. Aliyekusudia kuandika "heri", karatasi ikigeuzwa, inasomeka "jiwe". Mwalimu ambaye hajawahi kufanya kosa hilo atamwona mtoto hajui tahajia, kumbe mtoto anajua neno vizuri na mkono ndio ulioteleza.

Walimu wanaoona wana tabia nyingine ya kuchekesha: husoma nukta kwa macho, kwa kufuata vivuli vyake chini ya taa. Si dhambi. Ila macho yakizoea hivyo, mwalimu hatambui kwamba karatasi imelainika na nukta zimelala, mpaka mtoto aseme hasomi kitu.

Upendeleo huu wa jicho ni wa zamani. Valentin Haüy alipofungua shule ya wasioona Paris mwaka 1785, alitumia herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Mwalimu alizisoma mara moja, lakini kidole kilihangaika. Louis Braille, mwanafunzi wa shule hiyo ambaye baadaye alifundisha hapo hapo, alibuni nukta zake mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Shule iliyakubali maandishi hayo rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Kwa waliokuwa wakiona, nukta hazikufanana na herufi yoyote.

Darasani kinachorekebishwa kwanza ni ulimi. "Hii ukiihamishia huku unapata hii" ni sentensi tupu kwa asiyeona ubao. Hesabu ndiyo mbaya zaidi: ukisema "eksi jumlisha tatu gawanya kwa mbili", je, kinachogawanywa ni tatu peke yake au vyote? Mwalimu aliyefunzwa husema "fungua mabano, eksi jumlisha tatu, funga mabano, gawanya kwa mbili". Wanaoona nao hufaidika, ingawa hawamshukuru.

Halafu kuna uoni hafifu, ambao mafunzo mengi huupitia juu juu na ndiko walimu wanakokosea sana. Mtoto anayeinamisha kichwa upande huambiwa akae sawa, kumbe macho yake hucheza yenyewe na pembe ile ndiyo inayoyatuliza. Mwingine hukukazia macho pembeni ya uso ukadhani ana dharau. Katikati ya jicho lake hakuoni, anakuona kwa ukingo. Mwenye ualbino mara nyingi huumizwa na mwanga, kwa hiyo kumkalisha akitazama dirisha ni kumnyima ubao. Hata maandishi makubwa, dawa ambayo kila mtu huikimbilia, humtatiza anayeona kama kupitia tundu dogo, kwa kuwa herufi ikikuzwa inatoka nje ya tundu. Njia ni kumtazama mtoto akifanya kazi, sehemu mbalimbali na saa mbalimbali, kabla ya kuagiza chochote.

Nani amfundishe mwalimu haya yote? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika ibara ya 24 unazitaka nchi ziajiri walimu wanaojua nukta nundu, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Mkufunzi asiyeona akikurudishia karatasi yako na kukwambia mstari wa tatu umeandika "jiwe", hupati tena nafasi ya kujiuliza kama watu hawa wanaweza kusoma.