"Nje ya mtandao" ni nje ya nini?

Kisanduku chenyewe, kompyuta ndogo iliyojazwa masomo, hakizidi ukubwa wa daftari, na nilikikuta juu ya kabati la mwalimu mkuu, bado kiko ndani ya mfuko niliokiletea. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu mimi na wenzangu tukifikishe pale: matatu kutoka Kisumu, Ahero, hadi Katito, kisha boda kwenye njia yenye mawe kuliko udongo.

"Mwalimu, mbona hamjakiwasha?"

Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni jambo lililo wazi: "Kijana wangu, huku mtandao ni shida. Tunangoja utulie kwanza."

Ilikuwa shule ya tatu kunipa jibu hilo mwezi huo. Ndiyo maana naandika.

Maana ya haraka ni hii. Sisi tunaojitolea kupeleka vifaa vya masomo shuleni husema "nje ya mtandao" tukimaanisha masomo yaliyopakuliwa mapema mahali penye intaneti nzuri, yaani video, vitabu, mazoezi, Wikipedia, yakawekwa ndani ya kompyuta ndogo isiyokula stima nyingi. Kompyuta hiyo huyagawa kwa simu na vishikwambi vilivyo karibu nayo. Programu za kazi hii si za jana. Kiwix, inayobeba Wikipedia, ilianza 2007. KA Lite ilitoka 2012, ikafuatwa na Kolibri. Wikipedia nzima ya Kiingereza na picha zake ni kama gigabaiti 100, na huingia kwenye kadi ya memori unayoweza kuipoteza mfukoni mwa shati. (Nimewahi kuipoteza. Usiku mzima wa kupakua ukaenda hivyo.)

Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye neno mtandao.

Wingu hutanda, giza hutanda. Uji ukiachwa upoe hufanya utando juu. Buibui naye ana utando wake kwenye pembe ya dari. Kwa mfumaji wa nguo, mtande ni zile nyuzi ndefu zilizonyooshwa tayari, kabla mshindio haujapitishwa katikati yake. Ukitandaza mkeka au ukitandika kitanda, bado uko kwenye ukoo uleule wa maneno. Kitu kikishatanda huwa kimetandaa, na kutoka hapo tunapata mtandao: kitu kilichotandaa, nyuzi zilizoenea zikashikana. Neno lenyewe halitaji mnara wa simu wala bando. Tuna mtandao wa barabara na mtandao wa mabomba ya maji, na polisi nao hawaishi kutangaza kwamba wamevunja mtandao wa wezi wa ng'ombe, ambao sidhani waliwahi kuulizana paswedi ya waifai.

Intaneti ni neno jingine, na lina safari yake. Desemba 1974, Vint Cerf, Yogen Dalal na Carl Sunshine waliandika waraka wa kiufundi kuhusu namna ya kuziwezesha kompyuta zilizo kwenye mitandao tofauti kuzungumza, na humo wakalitumia neno hilo kama kifupi cha kile kinachounganisha mitandao. Mtandao wa mitandao, basi. Maana yake mitandao ilitangulia. ARPANET ya Marekani ilikuwa imeunganisha kompyuta za vituo vinne kufikia mwisho wa 1969, na wakati huo hakuna aliyekuwa amesikia habari ya intaneti.

Sasa sisi tumeyachukua maneno mawili tukayafunga kamba moja. Nadhani kosa si la walimu. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa kuwa "nje ya mtandao", yaani offline, halitaji wavu wala nyuzi zilizoshikana. Linataja laini tu, kwamba umetoka kwenye laini. Waliotutafsiria wakaweka mtandao mahali pa laini, na kwa kuwa siku hizi mtandao kwa watu wengi ni Facebook na WhatsApp, tafsiri ikapita bila mtu kuuliza. Kenya tungeuliza hata zaidi, maana kwetu laini ni ile kadi ya simu.

Shuka Dunga alfajiri wavuvi wa omena wakirudi. Kila mtumbwi una wavu wake. Wavu huo haukufungwa kwenye wavu wa jirani, sembuse kwenye wavu wa Mganda upande wa pili wa ziwa. Mwambie mwenyewe kwamba hana wavu kwa sababu wake haujaungana na zote za Ziwa Victoria, halafu usikilize utakavyojibiwa kwa Kijaluo.

Kile kisanduku kikichomekwa kwenye soketi hutanda wavu wake. Unatosha darasa moja na kipande cha uwanja, basi. Mtoto akiwasha kishikwambi na kukiunganisha, yumo ndani ya mtandao kwa maana kamili ya neno. Asichokuwa nacho ni intaneti. Wala jambo hili si geni kwa shule zetu: vishikwambi vya serikali vilivyoanza kugawiwa shule za msingi 2016 vilikuja pamoja na seva ya masomo na rauta, yaani mtandao wa darasani.

Anayeweza kweli kuitwa nje ya mtandao ni yule aliyewasha hali ya ndege kwenye simu yake, akawa anatazama video iliyo kwenye kadi yake mwenyewe, hashirikiani na mtu.

Huenda utaona nabishania herufi. Basi tazama kilichotokea tulipokiwasha kisanduku siku ile. Mwalimu mkuu alitoa simu yake, akaliona jina la kisanduku kwenye orodha ya waifai, akagusa. Simu ikamwandikia kwamba imeunganishwa, hakuna intaneti. "Umeona?" akaniambia. Na simu nayo, kwa kudhani inamsaidia, ikaukimbia ule mtandao usio na intaneti na kurudi kwenye data. Alipoandika anwani niliyompa, yenye kuanza na 192.168, ukurasa ukazunguka, ukazunguka, haukufunguka. Anwani za namna hiyo zimetengwa kwa mitandao ya ndani, haziendi popote kwenye intaneti. Simu ilikuwa inakitafuta kisanduku duniani kote, nacho kiko juu ya kabati nyuma yake. Akaniambia pia kwamba asubuhi alikuwa amenunua bando la shilingi 100 kutoka mfukoni mwake, kwa ajili yetu.

Nilimwomba azime data, aunganishe tena, na simu ikimuuliza kama abaki kwenye mtandao huo akubali. Ukurasa ukafunguka mara moja. Akachagua video ya moyo wa binadamu, akaitazama yote amesimama, kisha akamwita mwalimu wa sayansi.

Kwa hivyo, wenzangu wa kujitolea, ninachoomba ni kidogo. Tuseme "bila intaneti". Ni maneno mawili, mafupi kuliko tunayoyatumia sasa, na hayamtoi mtoto nje ya kitu alichomo. Mwalimu akisema "mtandao hakuna", tusimkosoe mbele ya darasa. Tumuulize tu kwa heshima ni upi, wa kisanduku au wa mnara.

Kibandiko nilichokuwa nimekigandisha kwenye kisanduku kilisema MASOMO NJE YA MTANDAO, na mwandiko ni wangu. Nilikibandua palepale. Kipya aliandika mwalimu mkuu mwenyewe kwa kalamu nyekundu: "Mtandao upo. Intaneti hakuna. Usinunue bando."