Yunnan chini ya Wamongolia

Wageni wanaotembelea makumbusho yetu huuliza zaidi kuhusu miji iliyoteketezwa na Wamongolia. Wana haki ya kuuliza. Lakini kuteka ni jambo moja, kuikalia nchi ya mbali kwa zaidi ya karne ni jingine, na Yunnan, kusini-magharibi mwa China ya leo, inaonyesha walivyofanya.

Jeshi la Kublai, mjukuu wa Genghis Khan, liliingia huko mwaka 1253, likivuka milima na mito ili kuizunguka kwa nyuma dola ya Song, iliyotawala kusini mwa China. Ufalme wa Dali, uliotawala Yunnan, ukaanguka. Mfalme Duan Xingzhi alikamatwa na kupelekwa kwa Möngke, kaka yake Kublai, aliyekuwa Khan Mkuu, yaani mtawala wa Wamongolia wote. Hakuuawa. Alirudishwa kwao na cheo cha maharaja, akawasaidia Wamongolia kuwatiisha waliokuwa bado wanapigana. Ukoo wake uliendelea kuwa na mamlaka Dali hata baada ya Wamongolia kufukuzwa Beijing mwaka 1368.

Hata hivyo wenyeji hawakuachiwa nchi peke yao. Mwaka 1274 Kublai, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Khan Mkuu, alimtuma Sayyid Ajall Shams al-Din Omar, Mwislamu mwenye asili ya Bukhara, awe gavana. Hakuwa na ukoo wala wafuasi huko, hivyo alimtegemea Khan kwa kila kitu. Aliweka utawala wa kiraia mahali pa ule wa makamanda, akadhibiti mafuriko ya Ziwa Dian karibu na Kunming, akajenga misikiti na pia hekalu la Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China.

Uamuzi wake ninaouona wa busara kuliko yote ulihusu fedha. Watu wa Yunnan waliuziana kwa kauri, zile simbi za Bahari ya Hindi, wakati serikali ikisambaza noti za karatasi China nzima. Gavana aliomba kauri ziachwe ziendelee kutumika, na hata kodi ikalipwa kwa kauri.

Tusidhani ulikuwa upole mtupu. Watu walihesabiwa, wakatozwa kodi, na askari wa Dali wakatumika katika uvamizi wa Đại Việt, Vietnam ya leo, mwaka 1257. Baadaye Yunnan ikawa kituo cha kuushambulia ufalme wa Pagan, huko Burma (Myanmar ya leo).

Wazao wa Sayyid Ajall walibaki Yunnan. Zheng He, anayehesabiwa kuwa mmoja wao, alizaliwa huko mwaka 1371. Jeshi la Ming, nasaba iliyowafukuza Wamongolia, lilipoiteka Yunnan lilimchukua akiwa mtoto, likamhasi, na ndiye aliyekuja kuongoza merikebu zilizofika Mogadishu, Barawa na Malindi.