Ajirodaiti: Madini ya Fedha Yanayosingiziwa Mengi

"Madini yenye fedha nyingi lazima yang'ae kama fedha." Ajirodaiti ni fedha kwa takriban asilimia 76 ya uzito wake, lakini ukipewa mkononi hutaidhania. Ikivunjwa upya ina rangi ya kijivu cha chuma yenye wekundu wa mbali, na ikikaa inasawijika mpaka inakuwa nyeusi. Ni laini pia: 2.5 tu katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho mwisho wake ni 10. Kinachoisaliti ni uzito wake, mara 6 na ushei ya maji.

"Basi ni hazina ya wachimbaji." Hapana, ni adimu mno. Hupatikana kidogo kidogo kwenye mishipa ya fedha, kama ile ya Freiberg, Ujerumani, na ya Bolivia.

Dhana inayowanasa hata wanaojua mawe ni hii: "Fuwele zina sura ya nyuso nane, kwa hiyo mpangilio wa atomu ni wa mchemraba." Sura hiyo ni kumbukumbu ya joto. Juu ya nyuzi 220 hivi za Selsiasi, mpangilio ni wa mchemraba kweli, na ioni (atomu zenye chaji) za fedha huzurura ndani yake bila makao maalumu. Ikipoa, fedha hutulia, kila ioni ikishika nafasi yake kati ya salfa mbili, tatu au nne, na mpangilio unakuwa wa pande tatu za urefu tofauti zinazokutana kwa pembe mraba. Umbo la nje halibadiliki. Katika hali zote mbili, kila atomu ya jemaniamu, elementi ya tatu ya madini haya, imezungukwa na salfa nne. Salfa mbili zilizobaki kwenye fomula Ag8GeS6 (fedha nane, jemaniamu moja, salfa sita) zimeshikana na fedha peke yake.

"Mendeleev aliitambua jemaniamu papo hapo." Wasimulizi wengi hupenda iwe hivyo kwa mkemia huyo wa Urusi, mtunzi wa jedwali la elementi. Mkemia Mjerumani Clemens Winkler alipoyachambua madini haya ya mgodi wa Himmelsfürst, karibu na Freiberg, jumla ya elementi alizozipata ilipungua kwa karibu asilimia 7 kila aliporudia. Mwezi Februari 1886 akaipata elementi iliyokuwa imejificha, yaani jemaniamu, ila akaipangia nafasi kwenye jedwali kati ya antimoni na bismuthi. Mendeleev naye, aliyekuwa ametabiri "ekasilikoni" yenye uzito wa atomu 72 tangu 1871, mwanzoni aliitupia nafasi nyingine kabisa, chini ya kadmiamu. Vipimo vya uzito wa atomu ndivyo vilivyoamua kuwa ni ekasilikoni: 72.32.

Wala jemaniamu ya leo haitoki humo. Hutoka zaidi kwenye mabaki ya kusafisha zinki na majivu ya makaa ya mawe. Na kwetu Afrika, mgodi wa Kipushi huko Katanga, Kongo, ulijulikana kwa jemaniamu iliyochanganyika na shaba na zinki.

La mwisho ni la siku hizi: "Betri za ajirodaiti zitakuwa ghali kwa sababu ya fedha." Hazina fedha, licha ya jina hilo. Wahandisi wameazima mpangilio tu, ule wenye ioni zinazozurura, wakaweka lithiamu mahali pa fedha na fosforasi mahali pa jemaniamu.